Pistons wa 2004: Mabingwa wa NBA mnaowasahau kila mkipanga kumi bora

HEBU jaribu kitu kimoja wikendi hii. Ukiwa kinyozini, au mkiwa mmekaa kando ya uwanja wa basketiboli mtaani mkingoja zamu yenu, rusha swali hili: ni timu zipi kumi bora zilizowahi kutwaa ubingwa wa NBA?

Najua utakachosikia. Mmoja atataja Chicago Bulls ya Michael Jordan kabla hujamaliza kuuliza. Mwingine ataleta Golden State Warriors ya Curry na Durant. Waliokula chumvi kidogo watamkumbuka Magic Johnson na Larry Bird. Lakers wa Shaq na Kobe lazima watajwe, tena kwa sauti ya juu. Orodha itajaa, na hakuna atakayesema Detroit Pistons wa 2004.

Juzi niliwataja mimi, nikiwa nimefungwa shuka shingoni na nusu ya kichwa imeshanyolewa. Nilichekwa! "Buda, hao walibahatika tu," kinyozi akaniambia. "Hawakuwa hata na staa mmoja."

Si busara kubishana na mtu aliyeshika mashine karibu na sikio lako, kwa hivyo nilinyamaza. Leo namjibu hapa, na wewe ndiwe refa.

Walikutana na nani?

Kama una miaka ishirini na kidogo, Juni 2004 ulikuwa unanyonya au hujazaliwa. Acha nikupe picha.

Lakers walikuwa wametwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002. Walipoupoteza 2003 walienda sokoni wakawaleta Karl Malone na Gary Payton, wakongwe wawili waliokuwa na kila kitu isipokuwa pete ya ubingwa. Sasa hesabu: Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Malone na Payton katika kikosi kimoja. Wote wanne leo wamo katika Jumba la Heshima la basketiboli. Kocha wao, Phil Jackson, alikuwa na mataji tisa.

Msimu huo, wachezaji watano waliochaguliwa katika kikosi cha kwanza cha ligi nzima walikuwa Kevin Garnett, Tim Duncan, Jason Kidd, Shaq na Kobe. Yaani Lakers walitoa wawili. Pistons hawakutoa hata mmoja. Kwenye mechi ya mastaa ya Februari, Detroit iliwakilishwa na mtu mmoja tu, Ben Wallace.

Basi fainali zikaanza, saa ambazo huku kwetu Nairobi majogoo yalikuwa hayajawika. Mechi ya kwanza, ugenini Los Angeles: Pistons 87, Lakers 75. Ya pili Lakers walishinda 99-91 katika muda wa ziada. Kisha wakasafiri hadi Detroit, na huko wakachapwa mara tatu mfululizo: 88-68, 88-80 na 100-87. Kipute kikaisha 4-1.

Na hata ile moja waliyoshinda Lakers, angalia ilivyopatikana. Walikuwa nyuma kwa pointi tatu, zimebaki kama sekunde mbili, Kobe akarusha kutoka mbali ikaingia. Bila mpira huo, leo tungekuwa tunaongea kuhusu 4-0. Sekunde mbili tu ziliwanusuru Shaq, Kobe, Malone na Payton wasifagiwe.

Bado unaita hiyo bahati?

Watano waliokataliwa

Sasa tuwaangalie hao "wasio na staa" mmoja mmoja.

Chauncey Billups alichaguliwa na Boston nambari tatu mwaka 1997. Msimu wake wa kwanza haukuwa umeisha, wakamtoa. Akazungushwa Toronto, Denver na Minnesota kama mzigo usio na mwenyewe kabla ya kutua Detroit mwaka 2002. Richard Hamilton aliachiliwa na Washington ili wao wampate Jerry Stackhouse. Huyu ndiye utamwona kwenye video akicheza na barakoa ya plastiki usoni kulinda pua yake iliyovunjika. Tayshaun Prince, mwembamba kama fito, alisubiri hadi nambari 23 ndipo jina lake likaitwa mwaka 2002.

Ben Wallace ndiye anayeniuma zaidi. Mwaka 1996 klabu zote zilimpita, hakuna iliyomchagua. Alitua Detroit mwaka 2000 kama sehemu ya mabadilishano yaliyompeleka Grant Hill, aliyekuwa staa wa Pistons, Orlando. Yeye na Rasheed Wallace si ndugu, ni majina tu yaliyogongana. Rasheed alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyekibisha, na mdomo ambao hakuna aliyeutaka. Msimu wa 2000-01 aliadhibiwa na marefa kwa utovu wa nidhamu mara 41, rekodi ya ligi. Februari 2004 Portland ilimpeleka Atlanta, akacheza mechi moja tu, Atlanta nayo ikampeleka Detroit.

Alipofika Rasheed, mambo yakabadilika. Pistons walishinda mechi 20 kati ya 26 zilizobaki. Mwezi Machi waliwazuia wapinzani watano mfululizo wasifikishe pointi 70. Si robo tatu za mchezo, nasema mechi nzima. Siku hizi timu hufikisha 70 wakati wa mapumziko na hakuna anayeshtuka.

"Lakini Malone aliumia"

Hapa ndipo mashabiki wa Lakers huamka. Kuna visingizio viwili ninavyovisikia kila mara, na nataka nivipime kwa haki.

Cha kwanza ni goti la Malone. Ni kweli aliumia, na mechi ya tano hakucheza kabisa. Lakini mechi ya kwanza alicheza, nyumbani kwao, na Lakers wakapoteza kwa pointi 12. Usiku huo Shaq alifunga 34 na Kobe 25. Jumla 59. Timu ilimaliza na 75. Maana yake wengine wote, akiwemo Malone na Payton, walipata 16.

Hiyo haikuwa ajali. Kocha Larry Brown aliamua Shaq asirundikiwe walinzi wawili wawili kama timu nyingine zilivyofanya. Mwacheni Ben na Rasheed wapambane naye, afunge zake, mradi njia za kuwapelekea wenzake mpira zifungwe. Kobe naye akakabidhiwa Prince na mikono yake mirefu. Mfululizo mzima Kobe alifunga asilimia 38 tu ya mipira aliyorusha, huku akiendelea kurusha. Lakers wakamaliza fainali kwa wastani wa pointi 81.8.

Kisingizio cha pili ni kwamba Shaq na Kobe walikuwa hawaelewani. Sawa, hawakuelewana. Lakini hawakuelewana hata siku walizokuwa wakibeba mataji. Halafu San Antonio, waliokuwa mabingwa watetezi, walitolewa na Lakers hao hao wasioelewana majuma machache tu kabla. Ugomvi wao ulikuwa mbaya vya kutosha kuangushwa na Detroit, ila si mbaya vya kutosha kuangushwa na Tim Duncan? Chagua moja.

Wala njia ya Pistons haikuwa mteremko. New Jersey, walioshinda Ukanda wa Mashariki miaka miwili mfululizo, waliwasukuma hadi mechi ya saba. Kisha wakaja Indiana, timu iliyoshinda mechi 61 msimu huo, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi. Katika mechi ya pili kule Indianapolis, Pistons wakiongoza kwa pointi mbili na dakika ya mwisho ikiyoyoma, Reggie Miller alipata mpira akiwa peke yake mbele ya kikapu. Prince alitoka nyuma sana, akaruka, akaupangua mpira na kuangukia huko kwa watazamaji. Tafuta video hiyo. Pistons wakashinda 72-67, na kama Miller angefunga, huenda hii stori nzima isingekuwepo.

Ushahidi kutoka Athens

Kuna jambo ambalo kinyozi wangu hakulijua. Miezi miwili baada ya ubingwa, Larry Brown huyo huyo aliongoza timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Athens. Alikuwa na Tim Duncan, Allen Iverson, LeBron James akiwa chipukizi, Dwyane Wade na Carmelo Anthony. Hakukuwa na Piston hata mmoja.

Mechi ya kwanza wakanyukwa na Puerto Rico 92-73. Wakafungwa tena na Lithuania, kisha Argentina wakawatoa nusu-fainali. Wakarudi nyumbani na shaba. Kocha ni yule yule, kiangazi ni kile kile, majina ni makubwa zaidi. Kama siri ilikuwa Brown peke yake, dhahabu ilienda wapi?

Nao wana madhambi yao

Sitaki ufikiri nawapaka mafuta. Upande wa pili una hoja, tena nzito.

Taji ni moja tu. Mwaka 2005 walifika fainali tena na kupoteza mechi ya saba kwa San Antonio. Katika mechi ya tano ya mfululizo huo, Rasheed alimwacha Robert Horry ili aende kumsaidia mwenzake, na Horry akawafunga pointi tatu za ushindi. Mwaka 2006 walishinda mechi 64 za msimu wa kawaida kisha Miami wakawatoa. Mwaka 2007 LeBron aliwafunga pointi 48 usiku mmoja wakashindwa kumzuia, wao waliojulikana kwa kuzuia. Na mwaka 2003, wakiwa na nafasi ya kuchagua nambari mbili, walimchukua Darko Milicic wakamwacha Carmelo, Chris Bosh na Wade. Hilo hata mimi sina la kulitetea.

Kwa hivyo si timu ya enzi kama Bulls. Nakubali. Lakini mbona tunasahau hata yale waliyoyafanya?

Naona sababu tatu. Ya kwanza ni vurugu za Novemba 19, 2004, katika uwanja wao wenyewe, Ron Artest wa Indiana alipopanda kwa watazamaji na ngumi zikarushwa. Miezi mitano tu baada ya taji, video iliyosambaa zaidi kutoka Detroit ikawa ya fujo. Ya pili, msimu huo huo ligi ilikaza sheria za kumgusa mwenye mpira, na mchezo ukaanza kuegemea wafungaji. Ya tatu ni mimi na wewe. Historia ya NBA tunaisoma kwenye video za sekunde thelathini. Video itakuonyesha mpira ulioingia. Haitakuonyesha mpira ambao Kobe aliamua kutourusha kwa sababu mkono wa Prince ulikuwa usoni mwake, wala pasi ambayo Payton hakuipata njia.

Ndiyo maana lile neno la kinyozi, "hawakuwa na staa", ndilo hasa ninalolikataa. Ben Wallace aliingizwa katika Jumba la Heshima mwaka 2021, yeye ambaye hakuna klabu iliyomtaka. Billups, aliyekuwa mchezaji bora wa fainali zile, akaingizwa 2024. Mastaa walikuwepo uwanjani tangu mwanzo. Ilituchukua miaka ishirini kuwaona.

Nawe unawajua watu wa aina hiyo. Mkigawana timu pale mtaani, anayefunga anachaguliwa kwanza kila siku. Yule anayeng'ang'ania ribaundi, anayekimbia kurudi nyuma kuzuia wengine wakiwa wameshika viuno, huitwa mwisho, tena kwa kuguna. Labda ni wewe. Halafu timu yake inashinda na hakuna anayejua kwa nini.

Hukumu yangu ni hii: ukinipa kazi ya kuchagua timu moja ya kuzuia mpinzani yeyote kwa mechi saba, nawachukua Pistons waliocheza kuanzia Februari hadi Juni 2004, na sijali upande wa pili una majina gani. Katika kumi bora za mabingwa nawapa nafasi ya tisa. Si juu ya Bulls, ila nje ya orodha hawabaki.

Kabla hujanipinga, tafuta mechi ya tatu, ile ya 88-68, uitazame yote. Usifuate mpira. Mfuate Prince peke yake, robo moja tu.

Mimi kichwa kitahitaji kunyolewa tena baada ya wiki mbili. Safari hii nitaenda na hizi takwimu mfukoni, na nitasubiri mashine izimwe kwanza.