PICHA HUONYESHA, MANENO HUAMURU

Katika mtaa wa Asiatique, Bujumbura, ambako Kiswahili husikika madukani pamoja na Kirundi na Kifaransa, si ajabu kumwona mtu asiyesoma Kifaransa akiendesha kompyuta ya Kifaransa kwa kufuata picha tu. Je, picha yatosha?

Hadi miaka ya 1980, watumiaji wengi wa kompyuta walilazimika kukariri amri na kuziandika herufi kwa herufi. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, iliyotumia picha za karatasi, jalada na pipa la taka. Hata mgeni alitambua upesi mahali pa kubonyeza. Lakini picha nayo hudanganya. Katika Macintosh, diski ilitolewa kwa kuburuta picha yake hadi kwenye pipa la taka. Wengi walihofu kwamba kazi yao ingefutwa.

Askari analielewa jambo hili. Ramani humwonyesha kilima na mto, bali saa ya kuondoka na njia iliyokatazwa zimo katika amri. Naye Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba maneno yakiambatana na picha hueleweka vizuri zaidi kuliko maneno peke yake.

Basi, ndugu askari, umfundishapo mwenzako kutunza kumbukumbu za kituo katika kompyuta, mwonyeshe alama, kisha umwandikie kando yake, kwa lugha aijuayo, kazi yake na hatari yake. Jalada la mwananchi likifutwa, haki yake nayo yaweza kupotea.