Askari Asiye na Dini Naye ni wa Kikosi

Marekani, kila askari asiyeamini Mungu anapodai haki yake, hakosi wa kumwambia kwamba handakini kila mtu humkumbuka Muumba. Wasemao hivyo hawalijui jeshi. Jeshi ni jamii yenye mila zake, na iliyo nzito kuliko zote haimuulizi mtu dini. Tazama wanavyomwombolezea mwenzao aliyeuawa vitani. Buti zake zimepangwa mbele, bunduki imesimamishwa mtutu chini, kofia ya chuma imefunika kitako cha bunduki hiyo, vibati vya utambulisho vinaning'inia. Sajini anaita majina, na kila aliyepo anaitikia. Kisha anaita jina la marehemu. Kimya. Analiita tena, na mara ya tatu analitaja kwa ukamilifu wake. Kimya. Ndipo risasi zinapopigwa hewani, mikupuo mitatu, na tarumbeta kulia. Aliyezoea misiba ya kwetu atauliza dua iko wapi. Ipo, padre wa jeshi huisoma. Lakini kinachowaliza wanaume wazima ni lile jina lisiloitikiwa, na hapo muumini hamzidi mwenzake kwa machozi.

Watasema ujasiri hutokana na imani. Lakini Pat Tillman, mchezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, aliacha mamilioni ya dola ya mchezo huo, akajiunga na jeshi mwaka 2002, akauawa Afghanistan tarehe 22 Aprili 2004. Hakuwa mtu wa dini, na ndugu yake alilisema hilo hadharani kwenye maombolezo. Watasema basi kiapo kisichomtaja Mungu hakimfungi mtu. Maneno ya kumwomba Mungu msaada yaliingizwa kwenye kiapo cha kisheria cha askari wa kawaida mwaka 1962 tu, baada ya vita vikuu viwili vya dunia kupiganwa na kwisha. Hata hivyo, mwaka 2014 Jeshi la Anga lilimkatalia askari kuongeza mkataba kwa kuwa aliyafuta maneno hayo, kisha likarudi nyuma mwaka huohuo. Lililobaki ni faraja, ambayo askari asiyeamini naye anaihitaji. Uholanzi ina washauri wa wanajeshi wasio na dini, bega kwa bega na mapadre, Marekani haina. Serikali inayokubali kumchongea asiyeamini alama ya atomu juu ya kaburi lake haina sababu ya kumnyima mshauri angali hai.