Pemba: Kisiwa Kilichotengwa na Kilindi

Katika ramani ya Afrika Mashariki, visiwa vya Unguja na Pemba huonekana kama ndugu wawili waliokaa jirani na mwambao. Pemba iko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka pwani ya Tanga. Lakini wataalamu wa miamba na wa viumbe wametambua kwamba visiwa hivyo vina historia mbili tofauti, na sababu ya tofauti hiyo imefichika chini ya bahari.

Bahari ilipopungua

Kina cha maji kati ya Unguja na bara, kwa sehemu kubwa, hakifiki meta 60. Mkondo wa Pemba, unaoitenga Pemba na Tanga, hufika kina cha meta 800 hivi. Ni bonde refu lililotokea pale tabaka za miamba zilipokatika na upande mmoja ukadidimia. Wanajiolojia wengi hukadiria kuwa jambo hilo lilitokea mamilioni ya miaka iliyopita.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, katika zama za barafu, maji mengi ya dunia yaliganda nchi kavu, na usawa wa bahari ukashuka kwa meta 120 hivi. Hesabu iliyobaki ni nyepesi: 60 ni pungufu ya 120, kwa hiyo Unguja iliungana na bara. Lakini 800 ni zaidi sana ya 120. Pemba iliendelea kuwa kisiwa.

Ushahidi wa viumbe

Unguja ilipata wanyama waliovuka kwa miguu. Ndiyo maana ilikuwa na chui, na mpaka leo ina kima punju. Pemba haikuwa nao. Kima punju wachache walioko katika msitu wa Ngezi ni uzao wa wale waliohamishwa kutoka Unguja mwaka 1974. Tumbili na paa wadogo wapo Pemba, na asili yao ingali ikijadiliwa.

Kwa upande mwingine, viumbe vilivyofika kwa kuruka au kuelea vilikaa mbali na jamaa zao kwa muda mrefu, vikabadilika kidogo kidogo. Leo Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana penginepo duniani: bundi mdogo aitwaye kihodi, ninga, chozi na kinengenenge wa Pemba. Uko pia mpapindi, mti wa jamii ya minazi, ambao jamaa zake wengi wamo Madagaska.

Popo wa Pemba

Kiumbe mashuhuri kuliko vyote ni popo mkubwa alaye matunda, ambaye mabawa yake yakitandazwa hufikia meta 1.6. Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Matschie, alimpa jina la kitaalamu Pteropus voeltzkowi, kwa heshima ya Alfred Voeltzkow, aliyefanya uchunguzi kisiwani humo. Jamaa za popo huyu huishi Mafia, Komoro, Madagaska, na kuendelea hadi Asia na Australia, lakini hawapo kabisa katika bara la Afrika. Kwa nini mnyama mwenye mabawa makubwa hivyo hakuhamia Tanga? Swali hilo halijapata jawabu kamili.

Kutengwa huleta upekee, lakini pia huleta hatari: aina iliyomo kisiwa kimoja tu ikitoweka hapo, imetoweka duniani. Katika karne ya 19 misitu mingi ya Pemba ilifyekwa kupisha mikarafuu, na baadaye popo waliwindwa kwa bunduki na mitego. Mwaka 1996 aliwekwa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wanavijiji waliunda vikundi vya kuwalinda, hasa mahali kama Kidike, nao wakaongezeka mpaka daraja la hatari likashushwa.

Faida yake ni ya watu pia. Popo hubeba chavua na mbegu kutoka mti hadi mti, na kwa njia hiyo huotesha msitu bila ujira. Mwanafunzi akiweka meta 800 za mkondo kando ya meta 120 za bahari iliyopungua, atafahamu kwamba kisichookolewa Pemba hakina mbegu ya akiba ng'ambo, Tanga.