Chumvi ukutani, dania dirishani: niliyojifunza nikiwa mpangaji Kisauni

Nyumba yangu ya kwanza ya kupanga hapa Kisauni niliihama bila kurudishiwa dipoziti. Shilingi 12,000 zilikwenda kwa sababu ya ukuta mmoja wa sebuleni nilioupaka rangi kwa pesa zangu mwenyewe, nikidhani naiboresha nyumba ya mtu. Nilichagua rangi ya mafuta, ile inayong'aa, kwa kuwa muuzaji aliniambia ni rahisi kupanguswa. Miezi mitano baadaye ilikuwa imevimba malengelenge kama ngozi iliyoungua, na plasta nyuma yake imekuwa unga. Siku ya kukabidhi funguo mwenye nyumba aliushika ukuta ule, kipande kikamwachia mkononi, akaniuliza, "Hii rangi ulipaka wewe?" Sikuwa na la kujibu. Nilipaka mimi.

Tangu hapo nimekaa nyumba nyingine mbili, na hii ya sasa, ghorofa ya tatu, nina mwaka wa nne. Nimeona majirani kadhaa wakirudia kosa langu kwa sababu ushauri tunaoupata kwenye simu ni wa watu wa Nairobi na Ulaya. Wanakwambia ubandike karatasi ya ukutani, upake rangi nzito, upange vikopo vya mboga dirishani, umwagilie asubuhi na jioni. Hawakwambii neno lolote kuhusu chumvi. Na huku kwetu pwani, anayetaka kurekebisha chumba au kuotesha kiungo chochote ndani ya nyumba lazima aanze na hiyo chumvi.

Fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale ndiye aliyenielewesha habari za kuta. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na jiwe hilo hunyonya maji. Plasta nayo mara nyingine imechanganywa na mchanga ambao haukuoshwa chumvi. Maji yakiingia ukutani, yawe ya bomba linalovuja, ya bafu la jirani wa juu au ya mvua, huyeyusha chumvi iliyomo na kuisukuma kuelekea upande wa chumbani. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Inaganda, inatanuka, na chochote kilicho mbele yake kinasukumwa nje. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo umeuziba pumzi: unyevu hauna pa kutokea, basi unaibandua rangi yako pamoja na plasta.

Dawa yake haina mbwembwe. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi, maana bila kuziba chanzo utapaka kila mwaka. Pili, ule unga mweupe upanguse kwa brashi kavu, uuzoe, uutupe. Usiuoshe. Ukiuosha unairudisha chumvi ndani ukutani, nayo itatoka tena wiki ijayo. Kisha uache ukuta ukauke, na si siku mbili. Mimi wangu niliuacha wiki sita huku kabati nimelisogeza mbali. Ndipo upake chokaa, au rangi ya maji ya kawaida isiyong'aa, ambayo huruhusu ukuta kupumua. Chumvi ikitoka tena, ni brashi tena. Haipendezi kama ukuta unaong'aa, lakini plasta inabaki mahali pake.

Na kabla ya brashi kuna swali la nani anapaswa kulipa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Lakini sheria hiyo hiyo, pale mtu anapokodi sehemu tu ya jengo kama fleti zetu hizi, inamwachia mwenye jengo matengenezo ya paa, kuta za nje na mabomba makuu ya maji taka. Kwa hiyo unyevu unaotoka kwenye paa au bomba kuu si mzigo wako, na usiufiche kwa rangi ukawa wako. Mpigie picha, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi wenye tarehe, ungoje jibu. Siku ya kuingia nyumbani, zunguka na keateka, piga picha kila ukuta, kila mfereji, kila kioo cha dirisha, na orodha muitie sahihi nyote wawili. Usitegemee sana kwamba utamkimbilia hakimu wa kodi baadaye: ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi inashughulikia nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mimi sijui fleti ya bei hiyo mjini Mombasa.

Mambo mengine madogo nitayapita haraka. Wavu wa mbu kwenye matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, ufungwe kwa vijiti na utepe wa kubandua, usizibe matundu yenyewe kwa karatasi kama nilivyowahi kufanya; chumba kikikosa hewa, ukungu unaota nyuma ya godoro. Kulabu za waya kwenye grili ya dirisha badala ya misumari ukutani. Fanicha iwe mbali na ukuta wa nje upana wa kiganja. Ni hayo tu, na hakuna hata moja linalohitaji ruhusa ya mtu.

Viungo vya dirishani vilianza na mamangu. Alikuja kukaa nasi kutoka Malindi baada ya presha kumpanda vibaya, na daktari akatwambia tupunguze chumvi kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Wiki ya kwanza nikampikia mchuzi wa samaki kwa kadiri hiyo. Akaonja, akaweka kijiko chini. "Mwanangu, huu ni mchuzi au maji ya kuoshea sahani?"

Alikuwa na haki. Chakula ukikipunguzia chumvi bila kukipa kitu kingine, mgonjwa anakataa kula au anaamka usiku kuitafuta kopo la chumvi. Ndimu, pilipili, thumu na dania nyingi mbichi ndivyo vilivyotuokoa. Lakini dania ya fungu la sokoni, hata ukiinunua Kongowea alfajiri, kwa joto letu jioni imeshanyauka. Tukaamua kupanda.

Vikopo vya kwanza vilikufa vyote. Dania iliota, ikafika urefu wa kidole, kisha ncha za majani zikageuka kahawia, na juu ya udongo pakaonekana utando mweupe. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Ikafa upesi zaidi. Kumbe nilikuwa nikiimwagilia maji ya kisima cha ploti, yale yale ya kuogea, ambayo sabuni haitoki povu ndani yake. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi kwenye udongo, na kopo dogo la ndani ya nyumba halipati mvua ya kuisuuza. Kila ukimwagilia kidogo kidogo, chumvi inaongezeka.

Ukitaka kuyajua maji yako, weka kijiko kimoja kwenye sahani nyeusi juani. Yakikauka yakaacha utando mweupe, uguse kwa ulimi. Ukiwa hauna ladha, huenda ni chokaa ya mawe yetu tu, haidhuru sana. Ukiwa ni chumvi, maji hayo ni ya kuogea na kufulia. Na kuyachemsha hakusaidii. Mvuke unatoka, chumvi inabaki, unaishia na maji makali zaidi ya yale uliyoanza nayo.

Najua utauliza: maji matamu tunayanunua kwa mtungi, tuyamwagie majani? La. Vikopo vyangu sita vinakunywa kama lita moja na nusu kwa siku, na karibu yote ni maji yaliyokwisha kutumika: ya kuoshea mchele na mboga, yaliyotoka kwenye mtungi wa kupikia. Mvua nakinga kwa ndoo barazani. Jirani wa ghorofa ya pili ana eyasii, na bomba lake lilikuwa likidondokea ngazi. Nimemwomba niweke galoni, na maji yale hayana chumvi kabisa kwa kuwa ni unyevu wa hewa uliopoa. Si ya kunywa, lakini mmea haulalamiki. Kila baada ya wiki mbili nakichukua kila kopo, nakipeleka bafuni, namimina maji matamu mpaka yatiririke kwa wingi chini, ili chumvi iliyokusanyika itoke. Kopo lisilo na matundu chini halifai kabisa kwa kazi hii.

Udongo nao una mtego wake. Usichukue mchanga wa ufuoni, hata ukiuona mweupe na laini. Mimi hutumia udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri hadi haina harufu, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ili udongo usishikane. Makumbi yaliyowahi kulowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, basi yaroweke na kuyakamua katika maji matamu mara tatu au nne kwanza. Chombo ni galoni ya lita 5 iliyokatwa ubavuni. Makopo ya rangi ya bati kwa hewa yetu yanashika kutu kabla hujavuna.

Sasa jua. Hili lilinichukua mwaka mzima kulielewa. Dirisha langu la jikoni linatazama kaskazini, na mwezi wa Juni lilijaa jua. Desemba hiyo hiyo mimea ikarefuka kama nyuzi, ikainama. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Basi vikopo vyangu huhama nyumba mara mbili kwa mwaka, kutoka jikoni kwenda dirisha la chumbani na kurudi. Kama hujui kaskazini yako ni ipi, tazama mihrabu ya msikiti wa karibu: kwa Mombasa kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja.

Dania, au kotmiri kama anavyoiita mamangu, huoteshwa kwa mbegu zile zile za dukani, dania nzima. Kila punje ina mbegu mbili ndani. Ipasue kwa kuiviringisha chini ya chupa, iloweke usiku mmoja, ifukie kina cha nusu kidole. Itachukua wiki moja hadi tatu kutokeza, usiikatie tamaa. Joto letu huifanya itoe maua upesi, na ikishatoa maua majani huwa machache na makali. Kwa hiyo usipande kopo moja kubwa ukangoja. Panda dogo kila baada ya wiki mbili, liwekwe penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na ukate majani ya nje tu.

Nanaa ni rahisi kuliko zote. Nunua fungu la chai, chagua mashina matatu yenye nguvu, ondoa majani ya chini, yatie kwenye glasi ya maji matamu. Katika wiki moja au mbili yana mizizi. Ipe chombo chake peke yake, kwa sababu inatambaa na kuwanyang'anya wenzake nafasi. Mrihani unapenda jua kali na joto, uko nyumbani kabisa hapa. Ukate vichwa vya maua kila vinapojitokeza, nao utachipua pembeni.

Jambo moja silifanyii mzaha. Visahani vya chini ya vikopo, na galoni yangu ya eyasii, ni makazi ya mbu wa mchana anayeeneza dengi na chikungunya. Mombasa tumepigwa na yote mawili, dengi mwaka 2013 na tena baadaye, chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017. Mbu huyo anahitaji maji kidogo yaliyotulia na kama wiki moja tu. Mayai yake hushikamana kwenye ukingo wa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Kila Ijumaa asubuhi visahani vyetu vinasuguliwa kwa brashi, na mapipa ya maji yana vifuniko. Nyumba yenye mzee mgonjwa haiwezi kufuga homa kwa ajili ya mchuzi.

Vikopo vyote vinakaa upande wa ndani wa grili. Galoni la udongo uliolowa hufika kilo 7, na chini ya dirisha langu watoto hucheza mpira.

Wiki iliyopita tumempima mamangu presha, imeshuka, ingawa bado anakunywa dawa zake kila siku na nisingethubutu kumwambia aziache. Mchuzi sasa anaumaliza. Ukuta wa nyuma ya friji unatoa unga tena, nimepiga picha na kumtumia mwenye nyumba, naye amejibu kwamba fundi wa bomba atakuja Jumatatu. Friji nimeshaisogeza.