Breki Mpya, Bolti za Kuokota

Mwenye Ford T, gari lililoundwa Marekani kati ya 1908 na 1927, huambiwa kwanza aongeze breki, na ushauri huo ni sahihi. Breki ya mguu ya gari hilo haishiki magurudumu. Hukaba ngoma iliyo ndani ya giaboksi, na nguvu yake hupita kwenye shafti na difu ndipo ifike nyuma. Pedali zote tatu, ya gia ndogo, ya rivasi na ya breki, hutegemea njia hiyo moja. Ndani ya difu zile za kale mna washa za babiti, madini laini. Zikimomonyoka, meno ya gia huachana, na pedali zote hufa kwa mpigo. Hapa Uganda, kati ya Budondo na Jinja mjini, dereva anaweza kuponea chupuchupu. Akiwa anateremka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, anabaki na breki ya mkono tu, ambayo kazi yake hasa ni kuegeshea.

Breki za nyongeza zijulikanazo kama Rocky Mountain ni mikanda inayobana kwa nje ngoma za magurudumu ya nyuma, hivyo hazihitaji shafti wala difu. Lakini ngoma inapobanwa hutaka kuzunguka na mkanda wake, na kinachouzuia mkanda ni bolti chache zinazoshika kitako chake kwenye ekseli. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayenunua breki hizi ananunua bolti kwanza. Na bolti ndiyo shida kwetu. Maduka ya vipuri ya Uganda yanalisha zaidi magari ya Kijapani, yenye vipimo vya milimita, ilhali Ford hiyo ni ya inchi. Tundu la inchi 3/8 lina takriban milimita 9.5: bolti ya 10 haipiti mpaka tundu lipanuliwe, na ya 8 hucheza. Hatari zaidi ni masalia ya Kiingereza, bolti za mfumo wa Whitworth. Ya 3/8 ina hesi 16 kwa inchi, sawa na ile ya Kimarekani ya hesi pana, kwa hiyo nati huingia. Ila pembe ya hesi ni digrii 55 badala ya 60, basi hazikumbatiani sawasawa.

Wapo watakaosema dawa ni bolti ngumu kuliko zote. Sivyo. Bolti ngumu mno, hasa iliyopakwa zinki vibaya, yaweza kukatika ghafla. Ya daraja 8.8, au ya Kimarekani yenye mistari mitatu kichwani, kwa kawaida hupinda kwanza. Cha maana zaidi ni sehemu isiyo na hesi ikae pale vyuma viwili vinapokutana, nati ikazwe barabara na kufungwa kwa pini. Wengine watataka kuchomelea. Moto hupinda mfuko wa ekseli, na gari la kale likishachomelewa halirudi lilivyokuwa, wakati bolti hufunguliwa. Hoja ya kwamba gari lenyewe ni la mwendo mdogo sioni uzito wake: mteremko hauulizi injini ina nguvu kiasi gani.

Basi kabla ya kulipa fundi, shika kila bolti usome kichwa chake. Isiyo na alama irudishe dukani.