Safi, Salama, Kutosha: Maji ya Nyumbani na Vifo vya Watoto Wachanga

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji yaliyo safi, yaliyo salama na ya kutosha. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea mtindo wa matini za kisheria anaweza kudhani kwamba 'safi' na 'salama' ni visawe vilivyowekwa pamoja kwa ajili ya msisitizo tu. La hasha. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika suala la vifo vya watoto wachanga, yaani wale wanaofariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kila mojawapo ya maneno hayo matatu lina uzito wake, na kwamba kuyachanganya kuna gharama.

Tuanze na 'safi'. Katika matumizi ya kila siku, usafi wa maji huamuliwa kwa jicho. Maji yasiyo na tope, yasiyo na rangi wala harufu, ni maji safi. Usalama, kwa upande mwingine, hutegemea yale ambayo jicho haliyaoni: bakteria, virusi na vimelea vinavyotoka katika kinyesi cha binadamu na cha wanyama. Bango la afya linaposema 'Mpe mtoto maji safi', mama huchungulia mtungi wake, akaona maji meupe yanayong'aa, akaridhika kwamba ametii. Kwa hakika ametii. Aliyekosea ni mwandishi wa bango.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Katika eneo la Busia, magharibi mwa Kenya, Michael Kremer na wenzake walichunguza chemchemi zilizojengewa saruji ili maji ya mvua na mifugo visiingize uchafu. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa uchafuzi wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66. Hata hivyo, maji yaleyale yalipopimwa nyumbani, upungufu ulikuwa asilimia 24 pekee. Sehemu kubwa ya manufaa ilipotelea baina ya chemchemi na kikombe: katika mtungi usio na kifuniko, katika kata inayowekwa sakafuni kisha ikarudishwa majini, katika vidole vya anayechota. Visa vya kuhara miongoni mwa watoto vilipungua kwa takribani robo, na hilo si jambo dogo. Lakini funzo la utafiti ule ni kwamba maji yanaweza kuwa salama mtoni na yasiwe salama mezani. Ndiyo maana klorini husifiwa. Ikitiwa kwa kiasi kinachofaa, huua viini vingi na kubakia ndani ya maji kwa muda, ikiyalinda hadi yatakaponywewa. Kuchemsha huua viini pia, ila hakuachi ulinzi wowote baada ya maji kupoa, licha ya gharama ya kuni na makaa.

Neno la tatu, 'kutosha', ndilo linalosahaulika zaidi. Gilbert White, David Bradley na Anne White walipochapisha mwaka 1972 uchunguzi wao kuhusu matumizi ya maji nyumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania, walitofautisha magonjwa yanayoletwa na maji yenyewe na yale yanayoletwa na uhaba wa maji ya kuogea na kunawia. Kuhara kunaingia katika makundi yote mawili. Nyumba inayotegemea mitungi michache iliyobebwa kichwani au mgongoni kutoka mbali itayatenga maji ya kupikia kwanza. Mikono ya aliyetoka kumsafisha mtoto itasubiri. Watafiti waliporejea katika maeneo hayo mwishoni mwa miaka ya 1990, waligundua kwamba hata wenye mabomba nyumbani walikuwa wakitumia takribani nusu tu ya maji yaliyotumiwa na wenzao miongo mitatu awali, kwa kuwa mifereji ilikuwa ikikauka. Bomba si maji.

Ni vyema sasa kutazama umri wa mtoto. Kwa mujibu wa takwimu za kitaifa za idadi ya watu na afya, vifo vya watoto wachanga nchini Kenya vilishuka kutoka 77 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 2003 hadi 32 mwaka 2022. Kushuka huko kumetokana na mengi, zikiwemo chanjo na vyandarua, na isidaiwe kwamba ni kazi ya maji pekee. Kati ya vifo hivyo 32, 21 hutokea katika mwezi wa kwanza, na vingi vyake husababishwa na matatizo ya uzazi na kuzaliwa kabla ya wakati. Kuhara huvizia zaidi baadaye. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu kwa miezi sita hahitaji tone la maji, hata wakati wa joto la Garissa au Lodwar. Anapoanza uji, ndipo anapoanza pia kutambaa, kuokota na kutia mdomoni kila akionacho, huku kinga aliyorithi kwa mama ikififia.

Wakati uo huo meno huota. Wazazi wengi husema, 'Anaendesha kwa sababu ya meno.' Kauli hii inaeleweka, kwa maana mambo hayo mawili hutokea pamoja, lakini meno hayaharishi. Hapa lugha hufanya madhara ya wazi: ugonjwa uliokwisha kupewa jina la hatua ya ukuaji hautafutiwi dawa. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na methali hii inafafanua upungufu wa maji mwilini kuliko vijitabu vingi. Mtoto wa kilo sita akipoteza mililita 600, kiasi kisichofika glasi tatu, amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake na yumo hatarini kufa. Mchanganyiko wa chumvi na sukari unaouzwa katika pakiti, ukikorogwa katika maji salama na kunyweshwa kidogokidogo, hurudisha maji hayo. Vidonge vya zinki hufupisha muda wa kuhara. Mtoto aendelee kunyonyeshwa, na mwenye macho yaliyodidimia au asiyeweza kunywa apelekwe hospitalini mara moja.

Haitakuwa haki kuficha matokeo yanayotatiza. Utafiti mkubwa uliofanywa Kakamega, Bungoma na Vihiga na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapa wanakijiji klorini, vyoo vilivyoboreshwa na vifaa vya kunawia mikono, lakini kuhara kwa watoto hakukupungua. Utafiti sawa na huo nchini Bangladesh ulipata mafanikio. Kwa upande mwingine, Kremer na wenzake walipojumlisha majaribio ya nchi mbalimbali, walikadiria kuwa kutibu maji hupunguza vifo vya walio chini ya miaka mitano kwa takribani robo. Maelezo mojawapo ya tofauti hizo ni kwamba Bangladesh wahamasishaji walizitembelea familia mara nyingi zaidi, ilhali magharibi mwa Kenya wengi waliopewa klorini hawakuendelea kuitumia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ni suala la mawasiliano sawa na lilivyo la uhandisi.

Nalo neno 'choo' lina mtego wake, kwani hutaja mahali na pia kile kinachoachwa hapo. Kampeni za 'tumia choo' humlenga mtu mzima, na kinyesi cha mtoto, ambacho wengi hukiona hakina madhara, hutupwa jalalani au nyuma ya nyumba, kuku wakikiparua. Kinyesi hicho hubeba viini sawa na cha mkubwa, na pengine zaidi, kwa kuwa mtoto ndiye anayehara mara kwa mara. Mfasiri wa vijitabu vya afya angeandika waziwazi: kinyesi cha mtoto kitupwe ndani ya choo, na aliyekitupa anawe kwa sabuni kabla ya kushika sufuria ya uji.