Kabla ya kubeba ndoana kwenda Mafia

Julai si mwezi wa kwenda kuvua Mafia. Hilo nililijua baada ya kulipa. Nikiwa Kigali nilimtumia dalali mmoja fedha za chumba na za mashua kwa siku 3, na katika mazungumzo yetu yote ya simu hakutaja upepo hata mara moja. Nilipofika nikakuta kusi imeshika bahari. Siku 2 za kwanza mashua haikung'oa nanga. Siku ya tatu nilimsihi nahodha tutoke. Akatazama mawimbi yaliyokuwa yakipasuka nje ya ghuba, akatikisa kichwa, akarudi kushona wavu wake. Nilikasirika sana. Leo najua kwamba alinifanyia hisani.

Nasimulia haya kwa sababu wengi wetu tuliolelewa kando ya Kivu, Tanganyika au Victoria tunadhani tunajua kuvua. Tunajua sambaza, ndagala, mukeke na sangara. Bahari ina kanuni zake, na mtu anayepanga likizo ya uvuvi visiwani asipozijua mapema atapoteza fedha, au hata maisha.

Visiwa vyenyewe

Mafia si kisiwa kimoja. Kipo kisiwa kikubwa chenye mji wa Kilindoni, na pembeni yake vipo Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vingine vidogo. Wengi huvihesabu kuwa sehemu ya Zanzibar, lakini ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, Tanzania Bara.

Upande wa magharibi visiwa hivi vinatazamana na delta ya Mto Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko ambamo samaki wengi hulelewa wakiwa wachanga. Upande wa mashariki kuna miamba ya matumbawe, kisha bahari inashuka ghafla kwenye kilindi. Ndiyo maana mvuvi anaweza kupata changu na chewa karibu na miamba, na akitoka nje kidogo akakutana na nguru, jodari, kolekole, fulusi na mbasi, ambaye wengine humwita sulisuli.

Anza na upepo, kisha mwezi

Swali la kwanza lisiwe bei ya chumba. Liwe: upepo gani unavuma? Kusi hutawala kuanzia Aprili hivi hadi Septemba na huwa kali zaidi Juni na Julai. Kati ya Machi na Mei kuna mvua za masika. Kaskazi huvuma tangu Novemba hadi Machi, na katikati ya misimu hiyo miwili bahari hutulia. Kwa mgeni anayetaka kurambaza nje ya miamba, muda mzuri ni kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Msimu huo pia papa potwe huonekana karibu na Kilindoni, kwa hiyo wale wa familia wasiopenda ndoana watapata la kutazama.

Ukiwa tayari umefungwa na likizo ya Julai, usiende kuvua. Nenda Juani ukaone magofu ya Kua, na ukibahatika uone vifaranga vya kasa wakitoka mchangani kuelekea majini.

Baada ya upepo, tazama mwezi. Mwezi unapokuwa mpevu au mchanga kuna bamvua, na tofauti ya maji kupwa na kujaa huzidi mita 3. Mkondo kwenye milango ya ghuba huwa na nguvu, na mashua hungoja maji yajae ndipo itoke. Siku za maji mafu ni rahisi zaidi kwa anayejifunza. Mpe nahodha tarehe zako kabla ya kulipa, umwache akuambie.

Kibali na mipaka

Mwaka 1995 sehemu ya kusini ya visiwa hivi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake wanaishi watu wenye vijiji, mashamba na mashua. Moja ya sababu za kuanzishwa kwake ni uvuvi wa baruti uliokuwa ukivunja matumbawe.

Hifadhi imegawanywa katika kanda. Zipo sehemu ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuvua, zipo ambazo uvuvi unaruhusiwa kwa zana maalumu, na zipo za matumizi ya jumla. Mgeni hulipa kiingilio cha hifadhi kwa kila siku, na uvuvi wa michezo unahitaji kibali chake. Hoteli nyingi za Utende ziko ndani ya hifadhi, hivyo utalipa kiingilio hata kama huvui. Ulizia kama kuna kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, na beba kitambulisho cha kuthibitisha.

Anayekuahidi samaki bila kutaja kibali, mwache. Mashua ikikamatwa, wewe utapanda ndege kurudi kwenu. Nahodha ndiye atakayebaki na kesi.

Njia ya kufika

Raia wa Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya huingia Tanzania bila viza. Wasomaji wa Goma na Bukavu waulize ubalozi kabla ya kununua tiketi. Wote wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na waache nyumbani mifuko ya plastiki, ambayo Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019. Kwa Mnyarwanda hilo si jambo geni.

Anayesafiri kwa basi kupitia Rusumo au Kobero anaweza kushuka Dodoma na kumalizia safari ya Dar es Salaam kwa treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Kutoka Dar es Salaam, ndege ndogo hufika Mafia kwa muda wa nusu saa hivi. Kwa njia ya maji utakwenda kwanza Nyamisati, wilayani Kibiti, upande vyombo vya kuvuka hadi Kilindoni. Ndege hizo hupima mizigo kwa ukali na fimbo ndefu za kuvulia huwa tatizo. Chukua zinazokunjwa, au kubaliana na mwenye mashua atumie zake.

Siku ya kutoka, hesabu majaketi ya kujiokolea kabla ya kuhesabu ndoana. Yawe sawa na idadi ya watu, na yavaliwe. Uliza kama kuna injini ya akiba na simu au redio. Chombo kikikosa kimojawapo, omba kingine bila kuona haya.

Samaki ni wa nani?

Wavuvi wa Jibondo na Chole hutoka kwa ngalawa na mashua za tanga, wakivua kwa mshipi na nyavu. Samaki mmoja mkubwa kwao ni ada ya shule au dawa ya mtoto. Mgeni anayekuja na injini 2, akajaza sanduku la barafu kisha akaacha nusu ioze, anawatia hasara watu wasioweza kumzuia.

Sisi wa maziwa tunapaswa kulielewa hili haraka. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3 ili samaki wazaliane, na kila aliyezoea kula mukeke au ndagala anajua maana ya kukosa kitoweo. Kwa hiyo weka idadi kabla ya kutoka: samaki wa chakula cha siku hiyo, basi. Mbasi na kolekole wakubwa wapigwe picha upesi wakiwa bado majini, waachiwe. Mlipe nahodha wa kijijini mwenyewe, ununue chambo sokoni Kilindoni, na ukivuka kwenda Chole vaa nguo za heshima. Ukienda mwezi wa Ramadhani, usile mbele ya mabaharia waliofunga.

Nilirudi Februari iliyofuata, nikamtafuta nahodha yule yule. Tulitoka alfajiri bahari ikiwa shwari. Hadi saa 5 asubuhi tulikuwa na nguru mmoja na kolekole mmoja. Kolekole tulimwachia. Nguru alipikwa nyumbani kwa nahodha kwa tui la nazi, tukamla watu 9.